Ndege ikipotea mlimani, waulizwe wenye msitu

Ndugu msikilizaji, jioni ya Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024, nilikuwa Msangano, wilayani Momba. Tulikuwa tumeketi uani kwa baba yangu mdogo, redio imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, nayo ikatangaza kwamba ndege iliyomchukua Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, haijulikani ilipo. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Malawi ni nchi ya mbali kidogo. Kwa mtu wa Songwe ni ng'ambo ya mto, na kila mmoja pale uani alikuwa na ndugu au mteja huko. Kimya kikatanda.

Baba mdogo ndiye aliyekivunja. Akauliza, "Wachoma mkaa wa huko wameshaulizwa?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba mambo hayo siku hizi yana rada na setilaiti, siyo wachoma mkaa. Hakunijibu. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba mzee huyu ujanani alikwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba, kama vijana wengi wa Unyamwanga wa wakati ule, na kwamba mwaka 1961 alikuwa Ndola.

Basi turudi nyuma kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 ilikuwa ikimleta Ndola Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, kukutana na Moise Tshombe wa Katanga. Ilitoka Leopoldville, ikazungukia mashariki mpaka juu ya Ziwa Tanganyika ili kukwepa anga ya Katanga. Muda mfupi baada ya saa sita usiku iliangukia msituni, kiasi cha kilomita 15 tu kutoka uwanja wa ndege. Ndugu msikilizaji, kilomita 15 ni mwendo ambao mama wa Msangano huutembea kwenda mnadani na kurudi. Lakini wakubwa wa Rhodesia walitangaza kuyaona mabaki saa tisa alasiri, yaani saa 15 baadaye. Watu waliokuwa ndani walikuwa 16. Mmoja wao, mlinzi Harold Julien, alikutwa hai, ameungua kwa moto na kwa jua la mchana kutwa. Alifariki siku chache baadaye hospitalini.

Sasa sikiliza. Wachoma mkaa walikuwamo katika msitu ule. Walikuwapo walioona mwanga angani usiku, na walikuwapo waliofika kwenye mabaki asubuhi, saa nyingi kabla ya askari. Hawakwenda kutoa taarifa. Baba mdogo husema jambo hilo halikumshangaza hata kidogo: Mwafrika gani wa Rhodesia ya 1961 angekwenda kwa hiari yake kituo cha polisi kusema ameona maiti za Wazungu porini? Na kweli, watatu miongoni mwao walifungwa kwa kuokota mashine ya kuandikia siri iliyokuwa kwenye mabaki. Wale waliojitokeza mbele ya tume ya uchunguzi ya serikali ya Shirikisho wakisema waliona ndege nyingine angani, ushahidi wao ulitupwa kando. Ilibidi ipite nusu karne ndipo maneno yao yachukuliwe kwa uzito. Na aliyepewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuyapima upya, kuanzia 2015, ni Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Msitu wa Ndola ni tambarare. Mlimani ni shida zaidi, kwa sababu huko wingu hushuka likakaa juu ya ardhi yenyewe. Rubani anayeruka kwa kutazama chini hujikuta ndani ya sufuria ya uji. Akishuka ili aone, mlima unampandia. Ndivyo ilivyokuwa Mei 1955, Dakota ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ilipogonga Kilimanjaro, juu kabisa kuliko mashamba ya kahawa, ikaua watu wote 20. Kutoka hapo orodha inaendelea: Mlima Meru Septemba 1999, watu 12, Mlima Kenya Julai 2003, watu 14, Mawenzi Novemba 2008, ambako watalii wanne walikufa na rubani akapona, Aberdare Juni 2018, watu 10. Sitaki kuwachosha kwa hesabu za makaburi.

Wazee wa usafiri wa anga waliujua woga huu. Tangu 1932 ndege za magurudumu za Imperial Airways zilizokwenda kusini zilitua Mbeya, katikati ya milima. Mwaka 1937 shirika hilo likaleta ndege za majini, zile zenye tumbo la mashua, zikawa zinatua Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Hesabu ilikuwa kwamba maji hayana kilima, na popote penye ziwa pana kiwanja. Hata hivyo Machi 1939 mojawapo, iliyoitwa Corsair, ilipotea njia ikitoka Port Bell kwenda Juba, ikatua kwenye kijito karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji, ikapasuka tumbo. Hakufa mtu. Lakini ndege kubwa namna ile katika kijito chembamba ingerukaje tena? Vibarua wenyeji walikata barabara porini, wakajenga bwawa ili maji yapande, na Januari 1940 ikaruka. Hapo wenyeji hawakusahauliwa, maana mikono yao ilihitajika. Macho yao ndiyo ambayo mara nyingi hayahitajiki.

Nirudi Malawi. Ndege ya Chilima, Dornier 228 ya jeshi, iliondoka Lilongwe saa tatu na dakika 17 asubuhi. Ilikuwa iwe Mzuzu baada ya dakika 45, ikiwapeleka kwenye maziko ya aliyekuwa Waziri wa Sheria, Ralph Kasambara. Mzuzu kulikuwa na ukungu, rubani hakuona kiwanja, akaambiwa arudi. Hakuonekana tena. Usiku ule Rais Lazarus Chakwera alilihutubia taifa, akasema minara ya mawasiliano imeonyesha eneo la mwisho ndani ya kilomita 10 za msitu wa Chikangawa. Msitu huo ni wa misonobari iliyopandwa kwenye milima ya Viphya, nao una wapasua mbao, walinzi wa misitu na vijiji pembeni. Askari waliingia kwa miguu, gizani, katika manyunyu. Mabaki yalipatikana asubuhi ya Jumanne. Watu wote tisa walikuwa wamekufa, pamoja na mke wa zamani wa rais, mama Shanil Dzimbiri.

Na ile setilaiti niliyomringia nayo baba mdogo? Ndege hubeba kifaa kidogo ambacho hujiwasha chenyewe inapogonga, kikatuma mwito angani. Wachunguzi wa Ujerumani walieleza katika ripoti yao ya awali kwamba betri ya kifaa cha ndege hiyo ilikuwa imepitwa na muda tangu 2004. Miaka 20! Ndege hiyo haikuwa pia na vile visanduku vya kurekodi mazungumzo na mwendo. Tume ya Malawi iliyotoa ripoti Desemba 2024 haikuona ushahidi wa hujuma. Lakini mitaani Lilongwe, kama ilivyokuwa Ndola, maneno hayakuisha. Penye saa nyingi za kimya watu hujijazia wenyewe. Walikuwapo pia wanavijiji walioeleza kwamba waliiona ndege ikipita chini sana, chini ya mawingu, asubuhi ile ya Jumatatu.

Jumanne hiyo tangazo liliponifikia Msangano, baba mdogo alikuwa ametangulia shambani kuvuna ulezi. Nilimfuata. Nilipomwambia kwamba wamepatikana na kwamba hakuna aliye hai, alivua kofia, akakaa kidogo. Kisha akauliza nani aliyewaona kwanza. Redio haikuwa imesema.