Kutengwa si Kupotea: Familia za Kivu ya Kaskazini Mbele ya Ebola na Korona (2018–2020)

1. Utangulizi

Historia ya magonjwa ya kuambukiza katika nchi yetu imeandikwa zaidi kwa upande wa waganga na serikali: tarehe za matangazo, hesabu ya wagonjwa, majina ya dawa. Upande wa familia umebaki nyuma. Makala hii inakusudia kuutazama upande huo katika kipindi ambacho wakaaji wa mashariki ya Kongo hawajakisahau, yaani miaka ya 2018 hadi 2020, wakati jimbo la Kivu ya Kaskazini lilipopigwa na Ebola na, kabla haijaondoka, likafikiwa na Korona. Tunajiuliza: familia zilivumiliaje kutenganishwa na wagonjwa wao, na kwa nini mahali pengine zilikubali na pengine zikakataa?

Tutajaribu kuonyesha kwamba kilichoogopwa kuliko vyote kilikuwa kupotea: mtu kuchukuliwa akiwa hai, asionekane tena wala kusikika, na mwishowe hata kaburi lake lisijulikane. Pale ambapo kutengwa kulipambanuliwa na kupotea, wasiwasi ulipungua.

2. Kumbukumbu mbili za zamani

Katika nchi yetu, kutenga wagonjwa kuna historia mbili. Ya kwanza ni ya ukoloni. Mwaka 1903 Mfalme Leopold II aliwaalika wataalamu wa Liverpool waje kuchunguza ugonjwa wa malale katika Dola Huru la Kongo. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, alifariki Kasongo, katika Maniema, mwaka 1905. Kutokana na kazi yao, serikali ilianza kuwapima watu kwa kupapasa tezi za shingo, kuzuia safari, na kuwapeleka wagonjwa katika kambi zilizoitwa lazareti. Huko walitibiwa kwa atoksili, dawa yenye arseniki iliyowapofusha baadhi yao. Waliobaki kijijini waliona jambo moja tu: aliyeingia lazareti hakurudi, au alirudi kipofu. Si ajabu kwamba wengi walikimbilia msituni walipozisikia habari za wapimaji.

Ya pili ni ya wenyeji wenyewe, na husahauliwa. Mwaka 1976, Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza huko Yambuku, wachunguzi walikuta vijiji vimekwisha kuziba njia zao kwa vizuizi, kama wazee walivyofanya zamani wakati wa ndui. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika nchi ya Waacholi kaskazini ya Uganda, Ebola ilizuka mwaka 2000 katika wilaya ya Gulu. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett alieleza desturi ya huko kwa ugonjwa mkubwa wa kuambukiza: mgonjwa huwekwa katika nyumba ya peke yake, nyumba hiyo hutiwa alama, wageni hukatazwa, na anayemhudumia ni mtu aliyekwisha kuupata ugonjwa huo akapona. Ni kutenga kamili, tena kukali. Hata hivyo mgonjwa hubaki mahali panapojulikana, na mtu anayejulikana humpelekea uji.

Tofauti ya historia hizi mbili ndiyo ufunguo wa yale yaliyofuata Kivu.

3. Ebola yaingia nchi yenye vita

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika eneo la Mangina, karibu na Beni, siku nane tu baada ya mlipuko wa jimbo la Equateur kutangazwa kuwa umekwisha. Kutoka hapo ilienea hadi Beni, Butembo, Katwa na sehemu za Ituri, na mwezi Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alionekana katika mji wa Goma. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3470 walikuwa wamehesabiwa, na 2287 kati yao walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, na zaidi ya robo walikuwa watoto. Hesabu hiyo yenyewe inaeleza mahali ugonjwa ulipopita: penye kuuguza, kunyonyesha na kuosha maiti. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ebola iliipiga familia katika wajibu wake ulio bora.

Watu wa Beni walikuwa na kilio kingine. Tangu Oktoba 2014 wenzao walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi katika vijiji vya kando kando. Walishangaa kuona magari mengi na fedha nyingi zikija kwa ajili ya ugonjwa, hali mauaji yaliendelea. Mwezi Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikawa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Kesho yake waandamanaji walikivamia kituo cha kupokelea washukiwa wa ugonjwa huko Beni. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Mambo hayo hayawezi kuelezwa kwa neno «ujinga», kama ilivyosemwa mara nyingi. Familia iliyokwisha kuzoea kuona watu wakichukuliwa usiku na kutoweka haiwezi kumtoa mtoto wake kwa utulivu akachukuliwe na mtu asiyeonekana uso.

4. Maneno na wasiwasi

Hapa mwanaisimu ana la kusema. Kitenzi kutenga kina matumizi mengi katika Kiswahili. Chakula hutengwa mezani, fedha hutengwa kwa kazi maalumu, na hapo maana yake ni kuweka tayari kwa heshima. Lakini mtu anapotengwa, maana hugeuka: hutengwa na kanisa kwa kosa, hutengwa na ukoo kwa aibu, na mume na mke waliotengana ni nyumba iliyovunjika. Basi tangazo lisemalo kwamba mgonjwa atatengwa linaweza kusikika kama hukumu, ijapokuwa aliyelitunga alikusudia ulinzi.

Neno jingine ni riposti. Ndivyo watu walivyoita kazi yote ya kupambana na Ebola, na wafanyakazi wake wakaitwa watu wa riposti. Neno hilo la Kifaransa lilitoka katika mchezo wa panga, nalo maana yake ni pigo la kujibu pigo. Katika nchi ya vita, neno la vita lililokuja likisindikizwa na askari lilijieleza lenyewe.

Tena matangazo mengi yalitolewa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu cha vitabu, wakati mama wa Butembo huwaza kwa Kinande na kununua sokoni kwa Kiswahili cha Kongo. Pasipo habari inayoeleweka, mnong'ono hukaa mahali pake. Neno wasiwasi lenyewe lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Katika kipindi hiki maana hizo mbili zilikutana tena.

5. Ukuta unaopitisha macho

Mabadiliko yalikuja polepole, na mengi yalihusu macho na sauti. Huko Gulu, mwaka 2000, yalikwisha kuonekana: turubai kubwa zilizozunguka wodi ya waliotengwa zilipoondolewa, ndugu wakaweza kuwaona wagonjwa na kusema nao, hofu ilipungua. Beni, mwezi Agosti 2018, shirika la ALIMA lilianza kutumia chumba chenye kuta za plastiki angavu. Mganga humhudumia mgonjwa kutoka nje kwa kupitisha mikono katika glovu zilizoshikizwa ukutani, na ndugu huketi upande wa pili wakimtazama. Ugonjwa umefungiwa, mtu hajapotea.

Jambo la pili ni watoto. Mama alipoingia kituoni, mtoto wake mchanga aliachwa bila ziwa, na jirani aliogopa kumpokea, kwa kuwa ilipasa mtoto huyo aangaliwe siku 21. UNICEF ilisaidia kufungua nyumba za kulelea watoto karibu na vituo vya Beni na Butembo, na walezi wake walikuwa watu waliopona Ebola. Miili yao ilikuwa imepata kinga, hivyo waliweza kumbeba mtoto, kumlisha na kumwimbia pale ambapo wengine hawakuthubutu. Hao hao, walioitwa washindi, waliingia pia kwa wagonjwa na kutoka na habari. Msomaji atatambua hapa desturi ya Waacholi: aliyepona ndiye mlinzi wa mgonjwa.

Jambo la tatu ni mazishi. Mwanzoni familia iliona mfuko umefungwa, watu wamevaa kama wageni wa sayari nyingine, na shimo limechimbwa bila kilio. Mahali ambapo wawakilishi wa familia waliruhusiwa kuutazama uso wa marehemu, kuchagua nguo na jeneza, na kusali kaburini kwa umbali, ubishi ulipungua. Kuosha maiti kulikatazwa, nako kulibaki jeraha. Lakini familia ilijua nani amezikwa, na wapi.

6. Korona: nyumba nzima yatengwa

Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa, na tarehe 24 ya mwezi huo hali ya dharura ikatangazwa nchini kote. Shule na makanisa vilikwisha kufungwa. Mpaka wa Goma na Gisenyi ulifungwa kwa watu, na familia zenye mguu mmoja kila upande zikabaki zikipigiana simu kutoka miji inayotazamana.

Huko Beni wakati huo watu walikuwa wakihesabu siku. Mgonjwa wa mwisho wa Ebola alikuwa ametoka kituoni tarehe 3 Machi, na siku 42 bila mgonjwa mpya zingetosha kutangaza mwisho. Siku mbili kabla ya hesabu kutimia, tarehe 10 Aprili, mgonjwa mpya akapatikana. Familia zikalazimika kuanza hesabu upya, safari hii chini ya magonjwa mawili.

Korona iligeuza mambo. Ebola ilimtoa mmoja nyumbani, Korona iliitenga nyumba nzima na dunia. Wale wanaokula jasho la siku hawakuweza kutii bila kulala njaa, na kilio kilikatazwa hata kwa waliokufa kwa ugonjwa mwingine. Lakini wakaaji wa Kivu hawakuanza shule ya kwanza: ndoo ya maji mlangoni, salamu ya kiwiko na hesabu ya siku walikuwa wamekwisha kujifunza kwa bei kubwa.

7. Hitimisho

Ebola ilirudi Kivu ya Kaskazini mwaka 2021, tena mwaka 2022, na mpox ikafuata kusini, katika migodi ya Kamituga. Kwa hiyo suala hili si la makumbusho. Waganga watasema siku ngapi mgonjwa akae peke yake, na ni haki yao kusema. Idara za Kiswahili nazo zina kazi yake: kutunga pamoja na wakaaji wa Beni na Butembo maneno ambayo mama atayasikia kama ahadi. Mgonjwa atalindwa mahali fulani, utamwona saa fulani, fulani aliyepona anakaa naye, na lolote litakalotokea utaambiwa wewe kwanza. Tangazo lenye mambo hayo manne linaweza kuandikwa leo, kabla ya mgonjwa wa kwanza.