Alama ya = na vurugu zake

Wandugu, kama umewahi kuandika C, hii unaijua:

if (x = 0)

Kompaila inaipitisha (siku hizi nyingine hutoa onyo), lakini hapa hakuna kitu kinacholinganishwa. 0 inawekwa ndani ya x, halafu sharti linahesabiwa kuwa si kweli. Ilitakiwa ==. Sasa nani alituletea balaa hili?

Robert Recorde alibuni = mwaka 1557, amechoka kurudia kuandika "ni sawa na". Kwake ilikuwa kauli tu: pande mbili zinalingana. Miaka 400 baadaye, 1957, IBM ikatoa FORTRAN iliyotumia = kuweka thamani. Kadi za matundu za enzi hizo zilikuwa na alama chache mno, hata > na < hazikuwemo. Mwalimu wa hesabu akiona X = X + 1 angeikata kwa kalamu nyekundu, na singemlaumu.

Watunzi wa ALGOL walichagua := ya kuweka thamani, = ikabaki ya kulinganisha. Safi kabisa. BCPL ya Martin Richards ikafuata. Halafu Ken Thompson wa Bell Labs, akiipunguza BCPL ili apate lugha ya B karibu 1969, akageuza: = ya kuweka, == ya kulinganisha. Hoja ilikuwa kwamba programu huweka thamani karibu mara mbili ya inavyolinganisha, basi inayotumika zaidi iwe fupi. Kuokoa herufi moja! C ikarithi, na ukoo wa C mnaujua ulivyo mkubwa.

Novemba 2003 mtu asiyejulikana aliingia kwenye seva yenye nakala ya msimbo wa Linux, akapachika hii ndani ya sharti:

current->uid = 0

Ukisoma haraka unaona swali: je, huyu ni mtumiaji namba 0? Kumbe ni amri: mfanye namba 0, yaani root, mwenye mamlaka yote ya mashine. Iligunduliwa kwa kuwa nakala hiyo haikulingana na hazina kuu ya msimbo.

Python (1991) ilikataa kuweka thamani ndani ya sharti. Mwaka 2018 pendekezo la kuiruhusu, kwa := ile ile ya ALGOL, lilizua ugomvi mkali hadi Guido van Rossum akaacha uongozi. Iliingia hata hivyo, Python 3.8, mwaka 2019.