Njia Mbili za Kuandika Programu, na Habari za Macintosh

Mtu awashapo kompyuta ya mezani huona kiooni madirisha, na picha ndogo ndogo, na mshale ufuatao mwendo wa mkono wake. Mambo hayo hayajitokezi yenyewe. Chini yake iko programu kubwa iitwayo mfumo wa uendeshaji, nayo ndiyo igawayo kumbukumbu ya kompyuta, isomayo diski, ichorayo madirisha, na kuzipokea programu nyingine zote kama mwenye nyumba apokeavyo wageni. Mfumo huo huandikwa na watu, mstari kwa mstari, na watu hao wameshindana miaka mingi juu ya neno moja: yafaa uandikwe kwa njia gani? Twataka kusimulia habari za mashindano hayo kama yalivyokuwa katika kampuni ya Apple ya Marekani, maana huko yalikula fedha nyingi na miaka mingi ya kazi za watu, na kampuni yenyewe ilikuwa karibu kufa.

Kwanza yatupasa kuzieleza njia zenyewe. Ya kwanza twaiita njia ya taratibu. Mwandishi hupanga amri moja baada ya nyingine, fanya hili, kisha fanya lile. Na amri zirudiwazo mara kwa mara huzifunga pamoja na kuzipa jina, ili aziite kila azihitajipo. Habari zinazotumiwa, yaani hesabu na majina na vipimo, huwekwa mahali pake peke yake, na kila utaratibu waweza kuzifikia. Ni kama mpishi mwenye karatasi ya mapishi mkononi: huenda mwenyewe kwenye mtungi wa unga, hupima, hurudi, kisha huenda kwenye chumvi. Kazi yake ni rahisi kuifuata, nayo huenda upesi. Lakini jiko likiwa na wapishi mia, na kila mmoja ana ruhusa ya kutia mkono katika kila mtungi, siku chumvi ikipungua hapana ajuaye ni nani aliyeichota.

Ya pili ni njia ya vitu. Hapa dirisha ni kitu, kitufe ni kitu, waraka ni kitu, na kila kimoja hushika habari zake pamoja na kazi zake. Mwenye haja hatii mkono mtungini; hutuma neno kwa mwenye unga, kwamba ampe kibaba kimoja, naye hupewa. Unga ulisagwaje, umewekwa rafu gani, hilo ni shauri la mwenyewe. Tena mna urithi: kitu kipya chaweza kufanywa mwana wa kitu cha zamani, kikapata ujuzi wote wa baba yake, kisha kikaongeza wake.

Njia hii ya pili haikuanzia Marekani. Mabwana wawili wa Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliitia katika lugha yao ya Simula huko Oslo, na umbo lake lililojulikana sana ni lile la mwaka 1967. Baadaye Alan Kay na wenzake, katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, California, walitunga lugha ya Smalltalk tangu mwaka 1972, ambamo hata namba tupu ni kitu kinachopokea ujumbe na kujibu. Mwishoni mwa mwaka 1979 Steve Jobs wa Apple alikwenda kuitazama maabara hiyo pamoja na watu wake. Yeye mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye ya kuwa alionyeshwa mambo matatu, na mojawapo lilikuwa njia hii ya vitu, lakini hakuliona, kwa jinsi macho yake yalivyotekwa na madirisha kiooni. Basi akaondoka na madirisha.

Kompyuta ya Macintosh ilitolewa tarehe 24 Januari 1984. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128 tu, na sehemu kubwa ya mfumo wake ilikazwa katika kilobaiti 64 zisizofutika. Katika chumba kidogo namna hiyo hapakuwa na nafasi ya anasa. Wale vijana waliiandika kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine yenyewe, kwa njia ya taratibu, nao walifanya kazi ya ajabu. Hatuoni haki kuwalaumu. Programu yoyote iliyotaka dirisha iliita utaratibu wa kufungua dirisha. Kisha ikazunguka mle mle ikiuliza, Je, limetokea nini? Je, limetokea nini? mpaka mtu abonyeze kitu.

Taabu ilikuja polepole. Habari za kila dirisha zilikaa wazi katika kumbukumbu, na waandishi wa programu nje ya Apple, wakitafuta wepesi, wakazoea kuchungulia ndani na kuchota wenyewe bila kubisha hodi. Apple walipotaka kuusogeza mtungi mmoja, wakakuta programu elfu zimekwisha kukariri mahali pake. Kila badiliko lilivunja kazi ya mtu fulani. Pamoja na hayo hapakuwa na ukuta kati ya programu na programu, hata moja ikianguka huiangusha kompyuta nzima. Kosa hili la pili, kusema kweli, si la njia ya taratibu yenyewe. Ni la udogo wa mashine ya kwanza. Walakini yote mawili yalifungamana, na kurekebisha moja kulitaka kuligusa la pili.

Mwezi wa Machi mwaka 1988 wakuu wa kazi hiyo wakakutana, wakaandika mawazo yao katika kadi. Yale yawezayo kufanywa karibu waliyaandika katika kadi za buluu, na yale ya mbali katika kadi za rangi ya waridi. Za buluu zikazaa mfumo uliotoka mwaka 1991. Za waridi zikawa ndoto: mfumo mpya kabisa, wa vitu toka juu hata chini, ulioandikwa kwa lugha ya C++. Mwaka 1992 Apple wakaungana na IBM, wakaunda kampuni ya Taligent kwa kazi hiyo. Hewlett-Packard wakaingia mwaka 1994. Matunda yake yalipotoka mwaka 1995, hayakuwa tena mfumo unaosimama peke yake, bali vifungu vya vitu vilivyowekwa juu ya mfumo mwingine wa IBM. Mapema mwaka 1998 kampuni ile ikafungwa.

Kwa nini ilishindwa? Wengine husema ni kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa, nao ulikuwapo. Sisi twaona palikuwa na sababu iliyo ndani ya kazi yenyewe, na yafaa ielezwe. Katika lugha ya C++ mwana, akiisha kutengenezwa, hukariri urithi wa baba kwa kuhesabu mahali: jambo hili liko rafu ya tatu, lile rafu ya saba. Baba akiongeza rafu moja katikati, watoto waliotengenezwa zamani wananyosha mkono kwenye rafu ya tatu na kushika kitu kingine. Kwa programu ndogo si neno, hutengenezwa zote upya kwa siku moja. Lakini mfumo wa uendeshaji una watoto mikononi mwa watu wasiojulikana, duniani kote. Basi ule ufa waliotaka kuukimbia, yaani kushindwa kusogeza mtungi, waliukuta tena upande wa pili.

Wakati huo Jobs alikuwa ameondoka Apple tangu mwaka 1985, akaanzisha kampuni yake ya NeXT. Jambo ambalo hakuliona mwaka 1979 sasa alilishika. Kompyuta ya NeXT ilionyeshwa Oktoba 1988, na mfumo wake uitwao NeXTSTEP ukakamilika mwaka uliofuata. Humo waliamua jambo la busara. Kiini cha mfumo, yaani ile sehemu igawayo kumbukumbu na zamu za kazi, waliichukua kutoka Mach ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon na BSD ya Berkeley, nayo yote iliandikwa kwa taratibu, kwa lugha ya C. Juu yake wakaweka vitu, kwa lugha ya Objective-C iliyotungwa na Brad Cox na Tom Love. Lugha hii ni C ile ile, iliyoongezewa maneno machache tu. Tena ndani yake mwenye kutuma ujumbe huliita jina la kazi wakati ule ule wa kuitaka, hahesabu rafu. Kwa hiyo baba aweza kuongezewa kazi mpya bila kuwaumiza watoto wake. Huwa kuna uchelewesho kidogo kwa kuuliza jina kila mara, nao waliukubali.

Mashine za NeXT zilikuwa ghali, walionunua hawakuwa wengi, na mwaka 1993 waliacha kuzitengeneza. Lakini Tim Berners-Lee wa maabara ya CERN huko Geneva alikuwa na moja mezani pake, na mwishoni mwa mwaka 1990 juu ya mashine hiyo aliandika programu ya kwanza ya kusoma kurasa za wavuti, ule mtandao wa kurasa uliokuja kuenea duniani.

Huko Apple mambo yalizidi kuharibika. Mfumo mwingine mpya ulioitwa Copland ulitangazwa, ukangojwa, ukaachwa mwezi wa Agosti 1996, na mwaka huo kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 800. Desemba mwaka huo huo wakatangaza ya kuwa wanainunua NeXT kwa dola kama milioni 400. Hivyo Jobs akarudi.

Mtu angedhani habari imekwisha hapo, vitu vimeshinda. Haikuwa hivyo. Apple waliwaambia waandishi wa programu, Haya, ziandikeni kazi zenu upya kwa njia ya vitu. Nao wakakataa. Programu kama Photoshop ilikuwa na mistari mingi mno iliyolundikana tangu mwaka 1990, na hapana mwenye akili atakayevunja nyumba yenye wapangaji kwa kuahidiwa nzuri zaidi. Mwaka 1998 Apple wakanyenyekea. Jobs alieleza ya kuwa walizikagua taratibu za Macintosh ya zamani, zipatazo 8,000, wakaona 2,000 ndizo zenye kudhuru, na zile 6,000 zaweza kukaa salama katika mfumo mpya. Mkusanyo huo waliuita Carbon. Ule wa vitu waliuita Cocoa. Mac OS X ilipotolewa tarehe 24 Machi 2001, ilikuwa na vyote viwili, hali kiini chini yake ni C. Hata programu ya Apple wenyewe ya kutazamia mafaili, iitwayo Finder, ilikaa upande wa Carbon. Na pale walipoingiza vitu ndani ya kiini, kwa ajili ya kuendesha vyombo kama diski na kibodi, walitumia C++ iliyopunguzwa, wakiisha kuondoa mambo yake mengi.

Si Apple peke yao walioelekea huko. Linux, iliyoanzwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, kiini chake ni cha C. Lakini ukikisoma utakuta kila namna ya faili hubeba jedwali la taratibu zake yenyewe, ya kusoma, ya kuandika, ya kufunga. Hilo ni wazo la vitu, limefungwa kwa mkono bila msaada wa lugha.

Carbon ilidumu kuliko wengi walivyodhani. Mwaka 2007 Apple walitangaza ya kuwa madirisha ya Carbon hayatapelekwa katika programu za biti 64. Finder iliandikwa upya kwa Cocoa mwaka 2009, na Photoshop ikafuata mwaka 2010. Mwaka 2019 toleo liitwalo Catalina lilikataa programu zote za biti 32, na hapo kazi nyingi za waandishi wa zamani, zilizovumilia toka mashine hata mashine, zikanyamaza. Kiini kingali cha C. Na mwandishi afunguaye dirisha katika Macintosh kwa njia ya Cocoa huandika hata leo jina linaloanza na herufi NS, zilizowekwa zama za NeXT.