Pedi ya PS3 Imedinda Kushika Kwa Linux? Soma Hii Kabla Uitupe

Kama uko Lamu, pedi ya gemu ikisumbua huezi sema utairudisha dukani kesho. Imetoka Mombasa na basi hadi Mokowe, ikapanda boti, ndo ikafika kisiwani. Kuirudisha ni safari ile ile, na nauli inaeza shinda bei ya pedi yenyewe. Habari poa ni kwamba mara nyingi haijaharibika. Haifuati tu sheria za Bluetooth.

Hata orijino ni mkaidi. DualShock 3 ya PlayStation 3 haishikani na kompyuta vile spika hushikana na simu. Lazima kwanza uichomeke na waya wa USB, kompyuta iiandikie anwani yake ndani. Ukichomoa waya na ubonyeze kitufe cha PS, inatafuta hiyo anwani pekee. Kwa Linux, kazi hiyo ni ya BlueZ, programu huria inayosimamia Bluetooth. So ukingoja pedi itokee kwa orodha ya vifaa vilivyo karibu, utakesha.

Feki nazo ni sinema. Kuna zile hazitumi chochote mpaka zisukumwe na ujumbe wa ziada kupitia USB. Watu wa kerneli ya Linux wakauongeza, ju orijino haijali. Kumbe ShanWan, feki ingine, ikiupata inaanza kutetemeka yenyewe bila kuguswa! Ikabidi kerneli isome jina la pedi kwanza ndo iamue. Na kuna moja inajiita "ShanWan PS(R) Ga`epad", herufi m imepotea. Kosa ni la kiwanda, lakini kerneli imeliandika vivyo hivyo, ju ukilisahihisha haitaitambua.

Vidude vya USB vya Bluetooth pia huigiza. Vingi hujifanya chipu ya CSR, iliyokuwa kampuni ya Uingereza, halafu vinakubali amri ambazo haviwezi kutekeleza. Fungua terminali, andika dmesg. Ukiona maneno "Unbranded CSR clone detected", ushajua ulichouziwa, na kerneli tayari inajaribu kukibeba hivyo hivyo.

Ngori ilikuja Desemba 2023. Mtafiti Marc Newlin alionyesha kuwa mtu aliye karibu anaeza jifanya kibodi ya Bluetooth, aingie bila wewe kukubali, na aanze kuandika amri kwa mashine yako. Udhaifu huo ni CVE-2023-45866. BlueZ ikafunga mlango: setingi ya ClassicBondedOnly ikawa true, yaani kifaa kisichoshikana rasmi hakiingii. Pedi za PS3 zikafungiwa nje.

Mtandaoni utaambiwa ufungue /etc/bluetooth/input.conf uweke false. Pedi itashika, kweli. Lakini umefungulia pia kila mse aliye karibu, na pale Lamu mjini nyumba zimebanana hadi ukuta wako ni wa jirani. Afadhali uapdeti BlueZ: matoleo mapya hutambua pedi iliyounganishwa kwa waya na kuipitisha yenyewe tu. Kama bando haitoshi apdeti, cheza na waya. Na kama lazima uweke false, irudishe true na uwashe BlueZ upya gemu ikiisha.