Rumân na Român: Historia ya Irabu Moja

Makala haya yanashikilia kwamba asili ya neno, hata ikithibitishwa, haitoshi kutufunulia maana yake. Sharti tuulize pia ni nani aliyelitumia, na kwa ajili ya nani. Mfano wetu ni jina ambalo Waromania hujiita: român.

Asili yake haina utata. Latokana na neno la Kilatini Romanus, yaani 'Mrumi'. Kwa kanuni za sauti za Kiromania, irabu o isiyo na mkazo iligeuka u, nayo a yenye mkazo mbele ya nazali ikawa irabu iandikwayo â. Umbo lililorithiwa vinywani mwa watu, basi, ni rumân.

Hata hivyo, katika Wallachia ya karne ya 17 rumân lilikuwa pia istilahi ya kisheria. Lilimtaja mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya kabaila, asiye na haki ya kuhama. Jina la watawala wa dola ya kale likawa jina la mtawaliwa. Huko Moldavia mkulima wa hali hiyo aliitwa vecin, neno ambalo maana yake ya kawaida ni 'jirani'. Constantin Mavrocordat aliifuta hali hiyo Wallachia mwaka 1746, na Moldavia mwaka 1749.

Umbo lenye o halikubuniwa baadaye. Limo katika Palia de la Orăștie, tafsiri ya sehemu ya Biblia iliyochapishwa 1582. Lakini lilipata nguvu mpya wanazuoni wa Transylvania, akiwamo Petru Maior katika historia yake ya 1812, walipotetea asili ya Kirumi ya watu walionyimwa hadhi ya taifa. Katika karne ya 19 român likashinda, nalo rumân likabaki na kumbukumbu ya unyonge.

Hata tahajia iliingia siasani. Mageuzi ya 1953 yaliiondoa â. Miaka ya 1960 ikarejeshwa katika jina la taifa na minyambuliko yake, na mwaka 1993 Akademia ikaipanua tena.

Mhakiki akutanaye na rumân katika hati ya kale ana mtihani. Akitafsiri 'Mromania' pasipo kuupima muktadha, huenda akaificha minyororo ya mkulima. Akitafsiri 'mkulima' tu, ataificha Rumi. Kamusi humpa asili. Hukumu ni yake.