Kwa nini tulimchukia Rosa?

Haya jamani, leo naanza na ungamo. Niliwahi kumwita msichana mwenzangu "Rosa", na sikuwa namsifia.

Ilikuwa mwaka 2011, kidato cha tatu, shule moja ya bweni ya wasichana juu ya mji wa Moshi, kule ambako alfajiri Kibo inaonekana nyeupe peee na ikifika saa nne imeshajifunika mawingu. Bwenini kulikuwa na nakala moja ya Rosa Mistika, jalada limeshang'oka, kurasa zimeshikwa kwa selotepu. Haikuwa kwenye orodha ya vitabu vyetu vya mtihani. Mwenzetu mmoja aliichukua kwa dada yake. Tukaisoma kwa tochi chini ya blanketi, tukiitafutia mapenzi.

Mapenzi tuliyapata, ila Rosa alitukera! Tulizoea mpenzi wa hadithini awe mpole, aonewe, alie, mwisho aolewe. Huyu anabadilisha wanaume, anatoa mimba, anaharibikiwa mbele ya macho yetu, na hatuombi msamaha. Tulipofika anapojiua, mmoja wetu alisema, "Si kajitakia?" Hakuna aliyembishia. Na mimi sikumbishia.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kukereka kwetu kuna historia yake.

Kabla ya Rosa, riwaya ya Kiswahili ilipenda watu wema. Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina ya sifa kabisa: Adili, Karama, Utubora. Ukilisikia jina tu unajua umpende nani. Halafu mwaka 1971, East African Literature Bureau wanatoa riwaya ya kijana wa Ukerewe ambaye hajafika hata miaka 30, Euphrase Kezilahabi. Na jina alilolichagua lilikuwa zito. Rosa Mistika, waridi la fumbo, ni sifa ya Bikira Maria katika litania. Mkatoliki yeyote wa Kibosho, Uru au Kilema anaijua tangu utotoni. Jina la Bikira kumpa msichana wa aina ile? Watu waliwaka.

Riwaya ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Hoja ilikuwa ni kuwalinda vijana na matusi. Baadaye mambo yakageuka, ikaingia madarasani na kufundishwa. Kezilahabi akaendelea na Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka, akawa miongoni mwa waandishi wetu wakubwa mpaka alipofariki Januari 2020.

Tukumbuke pia ule ulikuwa wakati gani. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ni 1967. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaiwezesha serikali kuchukua shule za misheni, na huku Kilimanjaro, kulikojaa shule za misheni, jambo hilo liligusa kila tarafa. Binti wa mkulima wa kahawa na ndizi alianza kutoka kwenye kihamba cha baba yake kwenda kulala mbali, kusoma, kuwa mwalimu au muuguzi. Nani amlinde huko? Na amlinde kwa namna gani? Hilo ndilo swali la kitabu. Rosa naye anatoka kijijini Ukerewe kwenda shule ya wasichana Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro.

Lakini kabla ya Mwanza kuna Zakaria, baba yake. Mlevi, mkali. Rosa anaandikiwa barua na mvulana, Charles, na kwa barua hiyo anapigwa vibaya. Zakaria anamfungia binti yake asijue lolote kuhusu wanaume, halafu anamwachia dunia iliyojaa wanaume. Mwishoni Kezilahabi anawapeleka wote wawili, baba na binti, mbele ya hukumu ya Mungu baada ya kufa.

Sisi bwenini tulikuwa tumeshamaliza kesi. Zakaria? Aah, mzee mkorofi tu, wapo wengi. Hasira yote ilimwendea Rosa. Ndiyo maana nadhani Kezilahabi alifanya makusudi asimfanye wa kupendeka. Msichana mwema akionewa, kila mtu anamlilia, haihitaji moyo. Je, anayekukera? Huyo naye ana haki ya kuulizwa nani alimfikisha pale?

Nimesema naungama. Muhula uleule tulipimwa mimba, shule nzima, foleni na vikopo vya mkojo. Mwenzetu mmoja alikutwa nayo. Alikuwa mjeuri, hakopeshi hata sabuni, mdomo kama pilipili. Hatukumpenda. Siku aliposhuka na tranka lake kwenda kusubiri Hiace ya mjini, tulisimama dirishani tukaimba, "Rosa! Rosa!" Niliimba na mimi. Aligeuka mara moja, akatuangalia, akaendelea kutelemka.

Hakuna aliyeuliza mwanamume ni nani. Walimu hawakuuliza mbele yetu, na sisi hatukujiuliza.

Haikuwa shule yetu peke yake. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili, na mimba ilihesabiwa humo. Juni 2017, akiwa Bagamoyo, Rais Magufuli alitamka kwamba katika utawala wake aliyepata mimba hatarudi shuleni. Novemba 2021 ndipo serikali, kupitia Waziri wa Elimu wa wakati huo Joyce Ndalichako, ilipotangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Hesabu mwenyewe: tangu Rosa achapishwe ni miaka 50 kamili.

Majuzi nimekirudia kitabu, safari hii mchana kweupe, bila blanketi. Rosa bado ananikera, sitawadanganya. Ila niliposoma kipigo cha ile barua nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nilikuwa namwona yule mwenzetu na tranka lake, anageuka kutuangalia. Kwa mwenzetu yule, mlango uliofunguliwa 2021 ulichelewa miaka kumi.

Kama una Rosa wako uliyemwimbia, tafakari.