Pato la taifa na nafasi za elimu ya juu: Posta na Kariakoo

Pato la taifa huathiri idadi ya vijana wanaofika chuoni, na pia familia wanazotoka. Katika Tanzania uhusiano huo unaonekana wazi Posta na Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, ambako soko linalolipa kodi, Benki Kuu na vyuo kadhaa viko umbali wa kutembea kwa miguu. Nchi ikipata zaidi, nafasi za masomo huongezeka. Nani atazipata, hilo huamuliwa na kodi, bajeti na mfuko wa mzazi.

Kipato na udahili

Mwaka 2020 uandikishaji katika elimu ya juu duniani ulikaribia asilimia 40 ya vijana wa rika husika. Afrika kusini ya Sahara ulikuwa karibu asilimia 9. Mtaalamu wa elimu Martin Trow, katika uchambuzi wake wa mwaka 1973, aliiita hatua iliyo chini ya asilimia 15 elimu ya juu ya wachache, na nchi nyingi za ukanda huu hazijaivuka.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Wastani wa pato la mtu kwa mwaka 2019 ulikuwa dola 1,080, na kiwango cha kuvuka kilikuwa dola 1,036. Wastani huo unajumlisha mwenye ghorofa la maduka Mtaa wa Msimbazi na mama lishe anayempikia mchukuzi wake, ilhali watoto wao hawaingii chuoni kwa urahisi ulio sawa.

Historia

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia jirani kabisa na Kariakoo. Oktoba 1961, Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili.

Serikali ilibeba gharama, na kwa kuwa taifa lilikuwa maskini, msomi alihesabiwa kuwa mdeni wa wananchi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewapa asilimia 40 tu ya mshahara kwa sehemu ya utumishi wao. Rais Julius Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka waombaji wafanye kazi kwanza kabla ya kudahiliwa.

Kupanda kwa bei ya mafuta, Vita vya Kagera na kudorora kwa mauzo ya nje viliidhoofisha hazina. Baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, matumizi ya huduma za jamii yalibanwa, na kuanzia 1992/93 sera ya kuchangia gharama ikaingia vyuoni. Mzigo ulihama kutoka kwa taifa kwenda kwa mzazi wakati mzazi naye alikuwa hoi.

Mikopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Vigezo vyake huwapa kipaumbele yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini. Fungu la mikopo lilipanda kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 570 mwaka 2021/22. Kwa miaka mingi walengwa walikuwa wa shahada. Tangu 2023/24 baadhi ya fani za stashahada zimeingizwa.

Marejesho yana uzito wake. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, nafuu kubwa kwa wahitimu ambao deni lao lilikuwa likikua hata walipokuwa wakilipa.

Posta na Kariakoo leo

Chuo cha Usimamizi wa Fedha kiko Mtaa wa Shaaban Robert. Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Teknolojia viko kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Masomo ya jioni huwawezesha karani na muuza duka kusoma bila kuacha riziki.

Kwa familia ya mfanyabiashara mdogo, ada hutegemea mauzo. Moto ulioteketeza soko kuu Julai 2021 ulikata kipato cha familia nyingi kwa usiku mmoja. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia ukusanyaji wa kodi. Mgogoro kama huo unaihusu elimu moja kwa moja: kodi isiyokusanywa hupunguza mikopo, na kodi inayoua biashara humnyima mzazi ada. Kwa hiyo mfumo wa kodi ulio wa haki, unaotabirika na unaolipika ni sera ya elimu ya juu kwa kiwango kilekile na ujenzi wa kumbi za mihadhara.